Ramani Isiyofungiwa: Programu Huria za Ramani na Faida Zake kwa Mkazi

Kila mwaka wa bajeti, mikutano ya kupanga maendeleo huleta maswali yaleyale. Zahanati mpya ijengwe wapi? Kisima kichimbwe upande gani wa mto? Ni barabara ipi ifunguliwe kwanza? Fedha hazitoshi kila kijiji, kwa hivyo lazima uchaguzi ufanywe, na mara nyingi uchaguzi huo hufanywa mbele ya ramani. Kijiji kisichoonekana kwenye ramani, au kilichowekwa mahali pasipo pake, huanza mashindano kikiwa nyuma.

Ndiyo sababu inafaa mkazi ajue ramani za siku hizi zinavyotengenezwa, zinatengenezwa kwa programu gani, na ni nani anayeweza kuzifungua na kuzikagua. Makala hii inaeleza kuhusu programu huria za ramani: zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure, kuzichunguza na kuziboresha.

Umbali wa ramani na umbali wa miguu

Tuchukue mfano wa Tawa, katika Mbooni. Upande mmoja kuna vilima vinavyopanda kuelekea Kikima, na upande mwingine ardhi inashuka kuelekea Kalawa na Mto Athi. Katika mipango ya afya nchini, kipimo kinachotumika sana ni kilomita 5: mkazi asiishi mbali zaidi ya hapo na kituo cha afya. Njia rahisi ya kukitumia kipimo hicho ni kuchora duara la kilomita 5 kuzunguka kituo. Aliye ndani ya duara huhesabiwa kuwa amefikiwa na huduma.

Lakini hakuna anayetembea kama ndege anavyoruka. Aliye upande wa pili wa bonde huteremka, huvuka mto, kisha hupanda. Mwaka 1993 mwanajiografia Waldo Tobler alitoa kanuni ya kukadiria kasi ya mtu anayetembea kulingana na mwinuko wa ardhi. Kwa kanuni hiyo, mtu mzima hutembea karibu kilomita 5 kwa saa mahali tambarare. Mahali ambapo ardhi inapanda mita 20 kwa kila mita 100, kasi hiyo hushuka hadi karibu kilomita 2.5 kwa saa. Kwa hivyo njia ya kilomita 2 ambayo tambarare ingechukua dakika 24, kilimani huchukua takriban dakika 48. Na hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu zake. Mama mjamzito, mzee, au mgonjwa aliyebebwa huchukua muda mrefu zaidi, na mto ukifurika safari inaweza kusimama kabisa.

Kompyuta inaweza kufanya hesabu ya namna hii kwa kila kipande cha ardhi katika wadi nzima. Shirika la Afya Duniani hutoa programu huria iitwayo AccessMod ambayo kazi yake ni hiyo hasa. Hupewa mahali vituo vya afya vilipo, barabara, mito, miinuko na aina ya ardhi, kisha hukadiria mkazi wa kila sehemu atatumia dakika ngapi kufika. Matokeo yake ni ramani isiyo na duara. Vijiji vilivyoonekana kuwa karibu huonekana viko mbali, na vingine vilivyoachwa nje huonekana vinafikika kwa urahisi.

Hesabu kama hizo zimefanywa pia kwa bara zima. Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa Nairobi walichapisha makadirio kuwa takriban asilimia 29 ya watu katika nchi 48 za Afrika kusini mwa Sahara wanaishi zaidi ya saa 2 kutoka hospitali ya umma iliyo karibu nao. Mwaka uliofuata ilichapishwa orodha ya vituo vya afya vya umma 98,745 vya eneo hilo, kila kimoja na mahali kilipo, ikawekwa wazi ili mtu yeyote aitumie.

Programu ya ramani hufanya kazi vipi?

Ramani ya karatasi ni picha moja. Ramani ya kompyuta ni tabaka nyingi zilizolazwa juu ya nyingine, kama karatasi za plastiki zinazoonyesha. Tabaka moja lina barabara, jingine mito, jingine shule, jingine mipaka ya wadi, na jingine picha ya setilaiti. Kila kitu kilichochorwa kimebeba maelezo yake. Ukibonyeza alama ya kisima, unaweza kusoma kilichimbwa mwaka gani, kina urefu gani kwenda chini, na kama pampu inafanya kazi.

Faida kubwa ni kwamba tabaka hizo zinaweza kuulizwa maswali. Ni shule zipi hazina maji ndani ya kilomita 1? Ni mabwawa mangapi ya mchanga yako kwenye mto huu, na kati ya lipi na lipi kuna pengo kubwa? Ni mashamba gani yako kwenye mteremko mkali kiasi cha kuhitaji matuta kwanza? Majibu ambayo zamani yangehitaji wiki kadhaa za kupima kwa rula hupatikana kwa dakika chache, mradi data iliyowekwa iwe sahihi.

Sehemu kubwa ya data hiyo hutolewa bila malipo. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa bure tangu mwaka 2008. Zile za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Vipimo vya miinuko ya ardhi vinapatikana pia. Barabara na njia za miguu zimo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea.

Maana ya neno "huria"

Programu yoyote ya kompyuta huandikwa kwanza kama maagizo ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Maagizo hayo huitwa msimbo. Katika programu nyingi za kulipia, msimbo hufichwa. Mnunuzi hupewa ruhusa ya kutumia, mara nyingi kwa mwaka mmoja na kwa idadi maalumu ya kompyuta. Mwaka ukiisha bila malipo mapya, kazi inaweza kusimama.

Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake na leseni inayompa kila mtu haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuwapa wengine nakala, na kuibadilisha. Baadhi ya leseni huongeza sharti moja: ukiibadilisha kisha ukaisambaza, wape watakaoipokea haki zilezile ulizopewa wewe. Kwa njia hiyo, kilichotolewa kwa umma hubaki mali ya umma.

Kuna tofauti kati ya huria na bure. Zipo programu za bure ambazo msimbo wake umefichwa, na mwenyewe anaweza kuanza kutoza wakati wowote. Programu huria ikishatolewa, toleo lile haliwezi kunyang'anywa waliolipokea.

Zilikotoka

Programu huria ya ramani yenye historia ndefu zaidi kati ya zinazotumika leo ni GRASS. Ilianzishwa mwaka 1982 na maabara ya wahandisi wa jeshi la Marekani, waliohitaji kusimamia ardhi ya kambi zao. Katika miaka ya 1990 maabara hiyo iliacha kuiendeleza. Kama msimbo ungekuwa umefungiwa kabatini, programu ingekufa. Kwa kuwa ulikuwa wazi, watu wa vyuo vikuu waliichukua na kuiendeleza, na mwaka 1999 ikawekwa chini ya leseni huria. Hadi leo inatumika kukadiria mmomonyoko wa udongo na mtiririko wa maji.

Inayotumika zaidi sasa ni QGIS. Iliandikwa kwanza mwaka 2002 na mtu mmoja huko Alaska, Gary Sherman, aliyetaka programu ya kutazama data za ramani kwenye kompyuta yake. Aliweka msimbo wazi, na wengine wakaanza kuongeza sehemu zao. Leo hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na mtu anaweza kuipakua bila kulipa shilingi. Ndani yake mna njia ya kutumia hesabu nyingi za GRASS, kwa sababu kazi huria inaweza kujengwa juu ya kazi huria nyingine.

Afrika Mashariki nayo imetoa

Wakenya pia wamo miongoni mwa waliotoa programu hizi. Mwanzoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanablogu na waandishi wa programu, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza kwa siku chache tovuti iliyoitwa Ushahidi. Watu walituma taarifa za matukio kwa mtandao na kwa ujumbe mfupi wa simu, na kila taarifa ikawekwa kwenye ramani ya Kenya. Baadaye waliifanya iwe programu huria ambayo mtu yeyote angeweza kuiweka kwenye kompyuta yake. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, programu iliyozaliwa kwa shida za Kenya ilitumika kukusanya taarifa za waliohitaji msaada huko.

Programu nyingine, ODK, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani kuanzia mwaka 2008. Moja ya kazi zake za mwanzo kabisa ilifanyika magharibi mwa Kenya, ambako wahudumu wa mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret waliitumia kwenye simu wakipita nyumba kwa nyumba. Fomu hujazwa kwenye simu hata pasipo na mtandao, mahali hunaswa kwa GPS, na data hutumwa mtandao unapopatikana. Mfumo huo unafaa sana mahali kama Mbooni, ambako mabonde mengine hayana mawimbi ya simu.

Mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea na vipimo vya GPS na kuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap: njia, vyoo, mabomba ya maji, shule na zahanati. Kabla ya hapo, ramani nyingi za mtandaoni zilionyesha eneo hilo likiwa karibu tupu. Na kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam uliwaweka pamoja wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora mitaro, nyumba na maeneo yanayofurika. Mwezi Agosti 2018 jiji hilo likawa mwenyeji wa kongamano la dunia la watengenezaji na watumiaji wa programu huria za ramani.

Toleo jipya hutolewa vipi?

Watu wengi huuliza: kama kila mtu anaweza kubadilisha msimbo, mbona programu isiharibike? Jibu liko katika utaratibu wa kutoa matoleo.

Msimbo rasmi huwekwa mahali pamoja panapoonekana na wote. Anayepata kasoro huiandika mahali pa wazi, akieleza alichofanya na kilichotokea. Anayeweza kuirekebisha huandika pendekezo la mabadiliko. Pendekezo hilo haliingii moja kwa moja. Husomwa na mtu mwingine mwenye uzoefu, hujaribiwa na kompyuta, na hukubaliwa, hurudishwa lirekebishwe, au hukataliwa. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelileta na tarehe yake, kwa hivyo likileta shida linaweza kufuatiliwa na kuondolewa.

Tarehe ya kutoa toleo inapokaribia, mambo mapya husimamishwa na nguvu zote huelekezwa kwenye kusahihisha kasoro. Wafasiri hukamilisha maneno ya lugha zao, na waandishi wa mwongozo hueleza kilichobadilika. Kisha toleo hupewa namba na kuwekwa wazi. QGIS imezoea kutoa toleo jipya karibu kila baada ya miezi minne, na mara moja kwa mwaka huteua toleo la muda mrefu ambalo huendelea kusahihishwa bila kuongezewa mambo mapya. Ofisi yenye kazi nyingi hufaidika zaidi na toleo hilo la muda mrefu, kwani wafanyakazi hawalazimiki kujifunza upya kila mara.

Huhitaji kuwa mwandishi wa msimbo ili kuchangia. Kuripoti kasoro kwa maelezo kamili, kutafsiri, kuandika mwongozo na kufundisha wengine vyote ni sehemu ya kazi hiyo. Kiswahili kinahitaji watu wa kutafsiri na kuandika miongozo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 uliojengwa juu ya mfumo wa ramani za kompyuta. Sheria haijataja programu ya kutumia. Lakini miaka 10 ni mingi. Katika muda huo wafanyakazi huhama, kompyuta hubadilishwa, na mikataba huisha. Ramani iliyohifadhiwa katika muundo unaofunguka kwa programu moja tu ya kulipia inaweza kuwa kama stoo iliyopotea ufunguo. Ikihifadhiwa katika muundo wazi, kama GeoPackage au GeoJSON, itafunguka kwa programu nyingi, leo na baadaye.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na ombi linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Ramani zilizotengenezwa kwa fedha za umma ni habari kama nyingine, ila pale sheria inapoweka mipaka. Mkazi aliyepewa faili na mwenye programu huria anaweza kurudia hesabu ileile na kuona kama majibu yanalingana.

Mambo ya kuangalia

Programu huria hupunguza gharama ya leseni, lakini haiondoi gharama zote. Kompyuta, umeme, mafunzo na mishahara bado vinahitajika. Kituo cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, ni moja ya mahali ambapo watumishi wa umma na wanafunzi hupata mafunzo ya ramani.

Programu nzuri haiwezi kurekebisha data mbaya. Ikiwa daraja lililosombwa na mafuriko bado limo kwenye ramani, kompyuta itaendelea kuwapitisha watu juu yake. Anayejua kuwa daraja halipo ni mkazi.

Ramani ya simu haimpi mtu shamba. GPS ya simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, na zaidi kati ya vilima au chini ya miti. Mpaka wa shamba huamuliwa kwa taratibu za upimaji na usajili wa ardhi, kwa hivyo mstari uliochorwa kwenye simu usitumike kuchochea ugomvi wa mpaka.

Faragha nayo ilindwe. Kuonyesha mahali zahanati ilipo kunawasaidia wote. Kuonyesha nyumba ya mgonjwa kunaweza kumdhuru. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu aeleze anazikusanyia nini na azilinde. Mtu akija na simu kuandika habari za boma lako, una haki ya kumuuliza ametoka wapi na habari hizo zitatumikaje.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Katika Makueni, mikutano ya kupanga maendeleo huanzia vijijini kabla ya kufika wadi, kaunti ndogo na kaunti. Ramani ikiletwa mbele ya mkutano, maswali haya matano yanaweza kuulizwa na mtu yeyote, awe amesoma au hakusoma:

1. Ramani hii ni ya mwaka gani?

2. Kijiji chetu, mto wetu na njia yetu vimo, na viko mahali pake?

3. Umbali umepimwa kwa mstari mnyoofu au kwa njia tunayopita?

4. Ni nani aliyekusanya data, na alifika hapa?

5. Faili zitahifadhiwa wapi, na kwa muundo gani, ili zifunguke hata mkataba ukiisha?

Vijana wenye kompyuta wanaweza kupakua QGIS na kuanza kujifunza kwa data za bure za eneo lao. Wenye simu pekee wanaweza kuongeza njia za miguu, visima na vivuko kwenye OpenStreetMap, wakihakikisha wanaandika walichokiona kwa macho. Walimu wanaweza kutumia programu hizi katika somo la jiografia: wanafunzi wakipima muda wao wa kutembea kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha wakaulinganisha na makadirio ya kompyuta, watajifunza hesabu, jiografia na hali ya kijiji chao kwa pamoja.

Wazee nao wana nafasi yao. Majina ya vilima, vijito na vivuko vya zamani yako vichwani mwao, na mengi hayajaandikwa popote. Kijana mwenye simu akiketi na mzee jioni moja, kabla ya mkutano ujao wa kijiji, wanaweza kurudi na ramani ambayo ofisi isingeweza kuichora peke yake.